Utando Uliosogezwa kwa Mkono

Macho ya Bibi Hadubini yalikuwa yamechoka kuliko miguu yake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akihesabu mwani wa ziwa, ule wenye sumu, chembe moja moja, na kila asubuhi kabla ya saa nne alituma neno lake kwenye mtambo wa maji: vuta, au funga. Mji mzima ulikunywa kwa neno hilo.

Siku tatu mfululizo alikuwa ameandika "vuta." Chembe zilikuwa chache. Lakini joto lilikuwa limekaza na upepo umelala, hali ambayo mwani huipenda, na picha za setilaiti, ambazo zingeonyesha ukijani wa ziwa, zilionyesha mawingu tu. Hesabu yake na hali ya hewa vilikuwa kama mke na mume walionuniana.

Asubuhi ya nne mwendesha boti alileta chupa za maji. Akazipanga mezani taratibu, akamvutia na kiti.

"Shikamoo, mama. Umelala kweli wewe?"

"Marahaba. Jicho moja limelala, la pili lilikuwa linahesabu."

"Basi leo yote yatapumzika. Nimekuchotea maji mazuri."

"Mazuri vipi?"

"Si kule juu ya maji kuna utando wa kijani, mzito kama rangi ya ukuta. Nausogeza kwanza kwa mkono, ndipo nazamisha chupa. Nikuletee uchafu, mama, na macho yenyewe hayo?"

Bibi Hadubini akaweka kalamu chini.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Ulisema chembe zikizidi unatokwa na machozi."

Kweli alisema. Alilisema kwa uchovu akalisahau. Mwenzake akaondoka nalo moyoni. Bibi akamtazama, akaona anajikuna kiganja.

"Kanawe kwa sabuni, mwanangu. Tumia maji ya mvua, ya pipani. Ya bomba usiyaguse."

Kisha akampigia fundi wa pampu.

"Funga."

"Hesabu iko wapi, mama?"

"Hesabu zangu tatu hazifai. Funga, halafu watangazie watu wasinywe maji ya tangu Jumatatu. Hata wakichemsha, sumu haitoki."

"Mke wangu amejaza ndoo zote asubuhi hii."

"Ukishafunga, mpigie yeye kwanza."

"Na wakubwa wakiuliza nani kakosea?"

Mwendesha boti alikuwa amesimama mlangoni, mikono inachuruzika maji, uso umemshuka.

"Andika mimi," alisema Bibi Hadubini. "Nimempa mtu chupa, sikumwonyesha kuchota."

Alikata simu. Halafu akachukua glavu jozi mbili na chupa tupu.

"Mama, na magoti yako? Boti inayumba."

"Utanishika."

Akamshika, tangu gatini hadi walipoketi. Kwenye bomba la kuvutia maji, ziwa lilikuwa limeganda kijani kama uji. Bibi akamvalisha glavu, akauongoza mkono wake hadi chupa ikazama palepale, katikati ya uchafu.

"Hivi," alisema. "Hivi ndivyo unavyonisaidia."