Dubu wa Feride na Maharage Yangu

Wallahi haya yalitokea, kila neno. Ukubwa wa dubu tu ndio nimeupunguza, ili mniamini.

Huku kwetu milimani Artvin, dubu wa kahawia hutishwa kwa maji. Unachonga gogo mfano wa kijiko kikubwa, unaliweka mferejini. Likijaa linainama, likimwaga linarudi na mkia wake unagonga bati. Ko. Ko. Mchana na usiku. Dubu akisikia anadhani kuna mtu.

Feride, mjane jirani yangu, alikuwa na mizinga sita ya nyuki na gogo moja la kuilinda. Asali ile ndiyo aliyobadilishana na unga wa majira yote ya theluji. Lakini mfereji wake hupita kwanza shambani kwangu.

Siku hiyo ya ukungu maharage yangu yalikuwa yamelegea majani. Nikauziba mfereji kwa jiwe na udongo, maji yaje kwangu kidogo, muda wa glasi moja ya chai. Nikanywa ya pili. Kwenye ya tatu nikahisi kuna kitu kimepungua duniani: ile ko, ko haisikiki tena.

Nikateremka haraka kwenye mizinga ya Feride. Ukungu ulikuwa mzito, viatu vyangu sivioni. Mbele yangu mbao zilikuwa zikipasuka taratibu, kama mtu avunjaye kuni bila haraka. Nyuki walilia kwa sauti moja kali. Nikarudi kinyumenyume. Mbao zikanyamaza. Yule aliyekuwa akizivunja alikuwa ananisikiliza.

Jioni majirani walipokusanyika kwenye mizinga, nikawasimulia: dubu mkubwa kama lori la majani ya chai, amelishika gogo kwa mkono wa kushoto lisigonge, huku anakula kwa wa kulia. Wanaume wakasogeleana. Cemal, kaka yake Feride, akasema dubu mwenye akili hivyo kesho atabisha hodi milangoni. Nikaona hadithi imekolea, nikaongeza kwamba ana jicho moja.

Feride hakuwa akisikiliza. Mizinga mitano ilikuwa vipande. Aliingiza mkono mferejini, akautoa mkavu, akaanza kuufuata mfereji kupanda. Tukamfuata sote, mimi nyuma kabisa, mpaka kwenye jiwe langu. Maharage yalikuwa yamesimama katika tope, yamependeza.

“Ami Rüstem,” akasema, “na kumwagilia pia alimwagilia dubu?”

Cemal akacheka, kisha akakatiza, maana chini kule ubao ulipasuka tena. Dubu alikuwa ameurudia mzinga wa sita.

“Nitakula nini mimi, ami?”

Nikaling'oa jiwe. Tukangoja maji yateremke, mpaka gogo likagonga.

Nilikuwa na mizinga sita pia. Nikaziba milango yake kwa matambara, nikaibeba mgongoni mmoja mmoja kwenda kwake, nyuki wakinguruma kisogoni mwangu, Feride akitangulia na taa. Kando yetu, ndani ya miti, matawi yalikuwa yakivunjika kila tulipopiga hatua.

Wa tano nilipoutua, nikakaa chini kupumua.

“Bado mmoja, ami,” akasema Feride.

Nikainuka kwenda kuufuata.