Filta Iliyotoka Siku ya Ijumaa

Siku hizi mtu anaingia dukani kwangu, ananisukumia simu usoni, "Dada, nataka filta kama hii." Picha! Sasa filta ya picha nitaingiza kidole wapi, jamani? Nakasirika kimoyomoyo, halafu namuuzia, maana biashara ni biashara. Lakini akishatoka, roho yangu hurudi Voi ile ya mwaka wa tisini na sita, kwenye duka la spea la baba yangu, Badawy, wakati filta ilikuwa haichaguliwi kwa macho.

Baba alichagua kwa kidole. Ungemletea filta ya oili iliyokwisha kazi, angeigeuza tumbo juu, angeingiza kidole cha mwisho kwenye tundu la katikati, pale inapofungiwa kwenye injini, na kupitisha ukucha polepole juu ya meno ya tundu lile. Macho ameyafumba kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha angesema, "Hii meno yake ni ya inchi," au, "Hii ya milimita," na kwenda rafuni kuchukua boksi. Meno hayo mawili yamekaribiana mno. Filta yenye meno ya milimita itaingia kwenye injini ya inchi, itazunguka, itakaza, na wewe utaondoka umefurahi. Balaa lake utaliona baadaye. Watu wa ranchi za Ndara, wenye malori ya Maungu, wakulima wa milimani, wote walikuwa na msemo mmoja: kidole cha Badawy hakikosei.

Walidhani anafumba macho kwa madaha. Wallahi, baba yangu alikuwa haoni.

Yalimwanza kidogokidogo, na tulipokwenda kwa daktari Mombasa tukaambiwa ni presha ya macho na tumechelewa. Mama alikuwa keshafariki, tuko mimi na baba tu. Akaniapisha nisimwambie mtu. "Siku watakayojua, Salme, wataniamkia kwa adabu zote na kwenda kununua duka la pili," alisema. Na duka la pili lilikuwapo kweli, limefunguliwa juzijuzi karibu na barabara kuu, lina feni na kioo. Basi tukajifunza. Kutoka kaunta hadi rafu ya filta ni hatua saba. Maboksi ya inchi kushoto, ya milimita kulia. Maandishi nayasoma mimi, kwa sauti ya kujifanya nazungumza peke yangu. Wateja wakaniona nina kasoro kidogo kichwani. Haidhuru. Bila kaunta ile, baba angekuwa mzee wa kukalishwa barazani na kupewa uji, na hilo nilikuwa siwezi kuliona nikalistahimili.

Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimemaliza kidato cha nne, nikaingia dukani. Wanaume walikuwa wakinipita pale kaunta kama wanapita nguzo ya simu. "Mzee yuko wapi?" Nawaambia, niulize mimi. "Aa, hii ni maneno ya injini, dada." Ebo! Nilikuwa naungua. Najua kila boksi lilipo, najua bei, najua filta ipi ya trekta na ipi ya pikapu, na bado mtu ananiambia atamsubiri mzee arudi kutoka kuswali! Na ulimi wangu nao, Mungu anisamehe, ulikuwa haukai kinywani.

Sasa Ijumaa ilikuwa na desturi yake. Watu wa milimani wakishuka na mboga alfajiri, hawakuwa na muda wa kusimama kaunta. Kila mwenye gari aliweka nyuma ya kiti filta kuukuu aliyoivua mara iliyopita, ndiyo sampuli yake. Anaiacha kwetu, jina limeandikwa kwa chaki kwenye bati, anakwenda sokoni, na mchana akirudi anaikuta mpya imefungwa kwenye gazeti, imewekwa pembeni ya ile kuukuu. Hata haifungui kuitazama. Angeitazamia nini, na imepita kwa Badawy?

Ijumaa hiyo ziliachwa filta tano. Moja ilikuwa ya Bwana Elijah wa Werugha, mtu mrefu mpole, mwenye pikapu ya dizeli iliyokuwa ikishusha kabichi na maziwa. Pikapu hiyo ilikuwa imezeeka kuliko barabara yenyewe, lakini yeye aliipenda kama ng'ombe wa maziwa. Adhuhuri ikaingia. Baba akavaa kofia, akashika mkono wa jirani yetu anayeswali naye, kama wa mazungumzo tu, watu wasidhani anaongozwa, na akaniambia, "Hizo tano usizitoe mpaka nirudi nizipapase."

Alichelewa. Kulikuwa na jeneza la kuswalia baada ya Ijumaa. Wenye filta wakaanza kuja mmoja mmoja na kuketi kwenye ngazi, na mmoja wao, wa lori la Maungu, akaanza kunicheka. "Dada, hata tano tu zimekushinda? Ungekuwa kijana wa kiume tungekuwa Mariakani saa hii."

Yalinipanda. Nikaingia ndani, nikazishika zile sampuli, nikazilinganisha na mpya. Ya Elijah niliiweka sambamba na niliyotoa boksini: urefu sawa, unene sawa, mpira wa mviringo sawa, hata rangi ni ile ile. Pacha! Kidole sikuingiza. Nikazifunga zote tano, nikazipanga, nikatoka nje kifua mbele. Wakachukua, wakaenda. Elijah alikuja wa mwisho, akabeba yake bila kuuliza aliyeifunga, na kwenda kumwaga oili na kuibadilisha chini ya mti wa gereji ya jirani.

Baba aliporudi alipapasa kaunta, akakuta iko tupu.

"Zimekwenda?"

"Zimekwenda."

"Ulipitisha kidole?"

"Kidole cha nini, Baba? Mimi macho ninayo."

Nilisema hivyo. Nilimwambia baba yangu hivyo. Alivua kofia, akaikunja, akaketi. Mpaka leo, nikilikumbuka neno lile, nataka kujipiga kofi.

Jumatatu asubuhi duka limejaa. Akaingia Bwana Elijah, na oili imemtapakaa kuanzia kola hadi viatu, imekauka na vumbi jekundu. Mkononi ameshika filta mpya. Mpole yule hakuwa mpole tena.

"Mzee Badawy, hii filta imenitupa! Ijumaa hapa Voi imekaa vizuri, nimepanda nayo mpaka nyumbani. Jumamosi asubuhi na ile baridi yetu, oili imekuwa nzito, nimepiga stata, nimeshuka kona tatu tu, nikasikia pwaa! Imechomoka. Oili yote barabarani. Nisingezima haraka, injini ingekufa. Kabichi zimelala kwa ukungu siku mbili, maziwa yameharibika, na gari iko huko huko imefunikwa na turubai!"

Wa lori la Maungu alikuwapo, amesimama palepale, na nilijua atakachokisema kabla hajafungua mdomo: tulisema, spea na wasichana wapi na wapi.

Baba akanyoosha mkono. Elijah akampa filta. Kidole cha mwisho kikaingia kwenye tundu, ukucha ukapita juu ya meno mara moja tu, hata nusu ya mzunguko haukufika. Nikauona uso wake ukibadilika.

"Hii ni ya milimita," akasema. "Injini yako ni ya inchi. Una haki, Bwana Elijah."

"Sasa imekuwaje, mzee?"

Nikafungua kinywa. Naapa nilikifungua. Lakini baba alinitangulia.

"Imekuwa kwa sababu mimi sioni," akasema. Akaisema wazi, kwa sauti ileile ya kutajia watu bei. "Mwaka wa pili huu. Nimewaficheni, na mficha maradhi, kilio humuumbua. Filta yako niliichagua mimi, nikakosea. Huyu binti ndiye anayezijua. Ningemwachia yeye, usingelala barabarani."

"Baba—"

"Nyamaza, Salme."

Nami nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kosa lenyewe. Ningeweza kupiga kelele, nikasema ni mimi, wanicheke, wanitukane, wanifukuze, lakini nilisimama pale kama gogo na kuangalia watu wakimwangalia baba yangu. Mmoja akapitisha kiganja mbele ya uso wake, polepole, kuhakikisha. Baba hakupepesa.

Elijah akamtazama baba, akanitazama mimi. Hasira ilimtoka palepale. Baba akampa filta ya haki na oili ya kujaza injini, bila kupokea shilingi, na Elijah akashukuru, akatoka. Baba naye akazunguka kaunta kwa mkono, akaja upande wa wateja, akaketi kwenye benchi. Kule ndani hakurudi tena.

Usiku huo sikula. Nilimwuliza kwa nini, na nilikuwa nalia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Akanijibu huku anakoroga chai, "Mimi duka hili nimelimaliza, mwanangu. Wewe ndiyo kwanza unalianza. Angeanza mtu na kosa kama hilo mbele ya wale, asingeuza hata balbu."

"Lakini wataacha kukuheshimu!"

"Wataniheshimu kidogo. Wewe watakuja kwako."

Na walikuja, we! Mwanzo kwa kuona haya, kisha kwa mazoea. Baba aliketi kwenye benchi asubuhi mpaka alasiri, na nikishachagua filta nilikuwa nampelekea aipitishie kidole, si kwa sababu nina shaka, nilitaka tu aishike. Siku za kwanza aliipapasa kwa makini. Baadaye akawa anairudisha bila kuligusa tundu. "Nina haja gani? Wewe macho unayo," angesema, na anacheka, na mimi kicheko kile kilikuwa kinanipasua. Watu walimsalimia, "Shikamoo mzee," na kumruka waje kwangu. Vilevile alivyosema. Sijawahi kupata kitu nilichokitaka sana kikaniuma namna ile.

Alifariki mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua kubwa. Voi nzima ilikuja kuzika. Siku ya tatu ya matanga akashuka Bwana Elijah na pikapu ileile, amebeba magunia mawili ya kabichi na viazi, akateremsha mwenyewe, akaketi barazani na wanaume. Alipoaga nikamfuata mpaka garini, ushungi umenikaa vibaya, sijali nani anaona.

"Bwana Elijah, nina jambo. Ile filta ya Ijumaa, baba hakuichagua. Niliichagua mimi."

Akafungua mlango wa gari, akauacha wazi.

"Najua, dada."

"Unajua? Nani alikwambia?"

"Mzee mwenyewe, na hakutaka kunieleza. Nimempatia hiyo filta, amepitisha kidole mara moja tu, amejua kosa iko wapi. Nikajiuliza, mtu wa kidole kama hiki atakosea aje? Kipofu hangenipea hiyo filta. Hiyo ni mtu mwenye macho amenipea."

Nikashikilia mlango.

"Na ukanyamaza miaka miwili?"

"Yeye alikuwa ameamua kukupea duka. Mimi ni nani nimnyang'anye hiyo mbele ya watu?"

Nililia kwa sauti pale barabarani, mtu mzima mimi. Alinisubiri nimalize, mikono nyuma, hakuniambia nyamaza. Nilipopata pumzi nikamwuliza kilichokuwa kinanisumbua tangu aliposema lile la kwanza.

"Sasa kama ulijua, mbona uliendelea kununua kwangu? Duka la pili lilikuwa palepale."

"Nilinunua kwako kwa sababu yake." Akapanda, akawasha injini, ikaunguruma vizuri. "Lakini nisikudanganye, dada Salme. Kila filta uliyonipea, nikifika nyuma ya gereji, nilikuwa naifungua gazeti na kuipitisha kidole mwenyewe."

"Na ulikuta kosa?"

"Hata siku moja," akasema, na akaondoka kuelekea milimani.