Doa Chini ya Taya

Wanafunzi walimwita Mwalimu Safi, na nguo zake hazikuhusika, ingawa hapo pia hukuwa na la kumkosoa. Lilikuwa ni neno lake. Mchoro ukimpendeza, alisema "safi". Usipompendeza, alisema "bado haujawa safi", na mwenye mchoro akajua ana kazi ya kufanya. Miaka kumi na tisa ya kufundisha sanaa sekondari, na mama huyu alikuwa amegeuza neno moja kuwa mtaala mzima.

Darasa lake lilikuwa mwisho kabisa wa ujia. Nusu yake ilikuwa meza za kuchorea zenye madoa ya rangi ya vizazi na vizazi vya wanafunzi, nusu nyingine kompyuta kumi na moja, tisa zikifanya kazi na mbili zikimngoja fundi aliyeahidi kuja "wiki ijayo" tangu muhula uliopita. Siku ya kwanza ya kila mwaka alisimama katikati, akanyoosha mkono upande wa kompyuta na kusema, "Huku ukikosea unabonyeza kurudi nyuma." Kisha akaugeukia upande wa meza. "Huku ukishafuta, umefuta. Kwa hiyo fikirini kwanza." Alilisema hilo kila mwaka, na kila mwaka alijisikia amesema la maana.

Mwaka ule kidato cha tatu walipewa mradi ulioitwa "Mtu wa Nyumbani". Kila mmoja amchore mtu anayeishi naye, kwanza kwa kaa la kuchorea kwenye karatasi, kisha mchoro upigwe skana na kutiwa rangi kwenye kompyuta, tabaka juu ya tabaka. Kazi zote mbili zingetundikwa ubavu kwa ubavu kwenye ukumbi wa maktaba, Jumamosi ya maonyesho. Wengi walichora mama zao. Mmoja alimchora paka, akajitetea kwamba hata paka analala ndani, na mwalimu akakubali yaishe.

Makaa alimchora baba yake.

Jina la Makaa alipachikwa na wenzake. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, vidole vyeusi siku zote na mara nyingi pua pia, maana alikuwa akijikuna bila kukumbuka alichoshika. Mkono wake ulikuwa na kitu. Mwalimu Safi alikuwa amengoja mkono wa namna ile kwa miaka, na kwa sababu hiyo hiyo alimbana msichana kuliko wengine wote. Kipaji hakikutoka mbali. Baba yake alikuwa mwandishi wa mabango, na maduka kadhaa ya barabara ya sokoni bado yalikuwa na herufi zake, nene, nyekundu, zenye kivuli cha buluu upande wa kulia. Kisukari kilipomla macho, aliuza ngazi na brashi zake zote kwa siku moja, na kwa miaka minne hakutaka hata kusikia harufu ya rangi. Hayo mwalimu aliyajua juu juu, kama walimu wanavyojua mambo ya nyumbani kwa watu.

Ijumaa asubuhi, siku nane kabla ya maonyesho, Makaa alileta mchoro wake. Mwalimu Safi alikuwa amepiga magoti mbele ya printa iliyomeza karatasi tatu kwa mpigo na kukataa kuzitapika.

"Shikamoo, mwalimu. Nimemaliza." Msichana aliuinua mchoro ili uonekane. "Iko safi?"

Mwalimu aligeuza shingo tu. Aliona uso wa mwanamume uliochorwa kwa utulivu wa ajabu, macho yakiwa wazi bila kutazama kitu, na aliona pia doa. Lilianza chini ya sikio la kushoto likashuka na taya hadi kidevuni, pana, lenye ukungu, na michirizi myembamba ndani yake. Mtu alikuwa ameburuza kidole kwenye kaa bichi.

"Marahaba. Inakaribia," alisema. "Weka pale mezani."

"Mwalimu, hapo chini ya taya..."

"Nimepaona, mama. Usiwe na wasiwasi, niachie mimi. Nenda, kengele imelia."

Makaa alisimama kidogo, kama mtu mwenye neno jingine. Kisha akatabasamu, akaenda. Baadaye mwalimu alilikumbuka sana lile tabasamu. Msichana alikuwa ameelewa kwamba mwalimu ameliona doa na ameliona zuri, na mwalimu alikuwa ameelewa kwamba msichana anaomba radhi kwa uchafu. Kila mmoja aliondoka na lake, na ingetosha kabisa mmoja wao kuuliza swali moja.

Mchana, darasa likiwa tupu, Mwalimu Safi alitoa kipande cha mkate mweupe kutoka kwenye mfuko wake wa chakula. Ulikuwa ujanja wa chuoni: nyama ya mkate, ile laini ya ndani, ukiikanda ikawa donge, hulinyanyua kaa kutoka kwenye karatasi bila kuikwaruza. Alifanya kazi robo saa, akigusa na kuinua, kugusa na kuinua, akitupa donge likiwa jeusi na kukanda jingine. Tumpe haki yake, alikuwa stadi. Alipomaliza, chini ya taya palikuwa peupe kama hapajawahi kuguswa, na alifurahi kweli, kwa sababu alimpenda yule mtoto na alitaka ashinde. Akapuliza dawa ya nywele juu ya mchoro ili kaa lishike, akaupiga skana, akaupeleka kwa fundi wa fremu. Yaliyobaki ya mkate alikula na chai.

Jumatatu Makaa alifungua picha kwenye kompyuta ili aanze kutia rangi. Mwalimu alikuwa akimsaidia mwenye paka. Alipogeuka, alimwona Makaa amekaa bila kugusa kipanya, amekuza picha hadi taya likajaza kioo kizima.

"Mwalimu, ile alama iko wapi?"

"Nimekusafishia," alisema mwalimu kwa furaha. "Umeona ilivyokaa?"

Makaa aliendelea kutazama. "Kuna nakala ya kabla?"

"Ya kabla ya nini?"

"Ya kabla hujafuta."

Mwalimu Safi alimwacha mwenye paka. Alivuta kiti, akaketi. Makaa alieleza kwa sauti ya chini, bila kulia, na ingekuwa afadhali angelia. Alhamisi jioni alikuwa akimalizia mchoro mezani nyumbani. Baba yake alimuuliza, kivuli cha chini ya taya amekiwekaje. Akamjibu bado. Baba akasema, nipe mkono, nionyeshe sikio liko wapi. Akaupapasa uso wake mwenyewe kwa mkono wa kushoto, polepole, kuanzia sikioni, na wakati huo huo dole gumba la kulia likashuka juu ya karatasi kwa mwendo ule ule hadi kidevuni. Akauliza, kimekaa? Akamwambia, kimekaa, baba. Baba akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuchora tangu auze brashi.

"Nilitaka kukwambia Ijumaa," alisema Makaa. "Nikajua umeona."

Mwalimu Safi alikuwa mwalimu, na walimu wana ugonjwa wa kutafuta suluhisho. Alisema kompyuta ina brashi zinazofanana kabisa na kaa, wanaweza kulirudisha doa kwenye tabaka lake peke yake. Msichana alisema haitakuwa ya baba. Mwalimu akasema, basi aombwe aweke tena. Makaa alimtazama.

"Nitamwambiaje, mwalimu? Kwamba ilifutwa kwa sababu ilionekana uchafu?"

Mwalimu alisogeza kiti karibu.

"Utaniachia mimi," alisema. "Kosa ni langu. Nitakuja nyumbani nimwambie mwenyewe, kabla ya Jumamosi."

Makaa aliitikia kwa kichwa, akaanza kutia rangi.

Jumanne kulikuwa na kikao cha walimu, na kikao kile, kwa mara ya kwanza katika historia ya vikao, Mwalimu Safi alitamani kiendelee. Jumatano mvua ilinyesha, ya kawaida tu, ya kuzuiwa na mwavuli, na mwavuli alikuwa nao. Alhamisi alifika hadi kona ya mtaa wa akina Makaa. Aliliona geti, na juu yake herufi nyekundu zenye kivuli cha buluu: KARIBU. Akakumbuka ana madaftari ya kusahihisha. Ijumaa alijiambia siku ya maonyesho ndiyo itakuwa nzuri zaidi, watu watakuwa wamechangamka, neno litapita kwa urahisi. Mtu mzima akiamua kujidanganya hahitaji msaada wa yeyote. Kila asubuhi Makaa aliingia darasani akamtazama mara moja, akapata jibu lake usoni, akaenda kukaa.

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulijaa wazazi. Kazi ya Makaa ilitundikwa ukutani mkabala na mlango, na kwenye kona ya fremu palibandikwa kikaratasi cha nafasi ya kwanza. Katibu wa majaji alisema hajaona kaa lililochorwa kwa usafi kama ule. Mwalimu Safi alimshukuru.

Baba alikuja amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, mkono wake begani kwa binti yake. Makaa alimfikisha mbele ya picha. Mwalimu alikuwa hatua tatu nyuma yao, amepiga moyo konde, maneno yakiwa tayari mdomoni.

"Iko wapi?" aliuliza baba.

"Mbele yako. Ina kioo."

"Nipeleke pale pangu."

Makaa alishika mkono wa baba yake, akauinua, akaliweka dole gumba juu ya kioo, chini ya sikio la kushoto. Akalishusha naye, taratibu, kufuata taya. Chini ya kioo karatasi ilikuwa nyeupe.

"Ipo?" aliuliza baba.

"Ipo, baba. Hapo hapo ulipoiweka."

Mwalimu Safi aliyasikia hayo kwa masikio yake mawili. Labda alipumua kwa nguvu, kwa sababu mtu yule aligeuka.

"Huyo ni mwalimu?"

"Ndiyo," alisema mwalimu. "Hujambo, mzazi."

"Sijambo." Alinyoosha mkono, wakasalimiana, naye hakuuachia. "Mwalimu, nilikuwa na neno nawe. Binti yangu aliniambia umeliona lile langu na hukusema kitu. Mimi kazi ya mabango nimeifanya miaka ishirini na mitatu. Najua mwingine angeona doa, akafuta. Nakushukuru kwa kuliacha." Akacheka kidogo, kwa aibu ya mtu asiyezoea kutoa siri zake. "Jana nimemwomba mtoto aninunulie karatasi. Si kwa ajili ya kazi. Za kuchezea tu."

Sasa ndio ulikuwa wakati. Mwalimu Safi alifungua mdomo. Aliyaona macho yale yaliyo wazi, akamwona Makaa akitazama viatu vyake, na maneno aliyoyapanga wiki nzima yakakimbia yote, likabaki lile moja ambalo halikuwahi kumkimbia.

"Safi," alisema. "Ilikuwa safi sana."

"Hata na doa?"

"Hata na doa."

Baba aliridhika, akaachia mkono. Alipokuwa akisalimiana na mzazi wa mwenye paka, Makaa alimsogelea mwalimu wake. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililouma.

"Ulisema utamwambia."

"Najua. Nitamwambia. Wiki ijayo nitakuja, nitakaa naye..."

"Hapana," alisema Makaa. "Sasa usimwambie tena. Ameshaniomba karatasi."

Alirudi kwa baba yake, akauweka mkono wa baba begani mwake kama ulivyokuwa, wakatoka pamoja, yeye akimtajia ngazi zilizobaki. Muhula uliofuata alichagua biashara badala ya sanaa, na kwenye fomu, penye nafasi ya kueleza sababu, hakuandika kitu.

Lakini jioni ile Mwalimu Safi alikuwa hajayajua hayo. Alibaki kupanga viti. Mhudumu wa maktaba alipita na kitambaa na chupa ya maji ya sabuni, akifuta vioo kimoja kimoja, mpaka akafika kwenye picha ya mlangoni. Juu ya kioo, chini ya taya la mtu yule, palikuwa na mburuzo wa kidole, mpana, wenye michirizi myembamba ndani yake.

"Hiki usikifute," alisema mwalimu.

"Lakini ni kichafu, mwalimu."

"Najua," alisema. "Kiache."

Mhudumu aliinua mabega, akahamia kioo cha paka.