Mfalme wa Miezi Mitatu

Mwalimu Yeremia wa Newala alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni sarafu kuukuu. Alikuwa na hela za Mjerumani, rupia, na senti zenye tundu za wakati wa Mwingereza, zote zimelala ndani ya kasha la mninga chini ya kitanda, upande wake yeye. Mkewe, Bernadeta, aliwaambia wageni kwamba mumewe ana pesa nyingi kuliko wote Newala, ila hazinunui hata kiberiti. Wageni walicheka, na Mwalimu naye akacheka, maana alimpenda mwanamke yule pamoja na mdomo wake.

Mwaka huo serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria. Mitumba ilimwagika Masasi, na wanunuzi binafsi wa korosho wakaanza kupanda Newala na malori yao. Siku moja Awadhi, muuza mitumba wa Masasi, alifungua robota la makoti ya Ulaya akapapasa kitu kigumu ndani ya bitana ya koti moja. Akaichana, ikatoka sarafu ya fedha iliyofifia rangi. Habari ikapanda na basi, na Jumamosi Mwalimu akawa kibandani kwake.

"Shikamoo, Mwalimu. Hebu nitazamie huyu ni nani."

"Marahaba." Mwalimu akaigeuzia kwenye mwanga. Kichwa cha mzee mwenye ndevu za kujikunja, na pembeni herufi: PERTIN. Huyu alimjua kutoka kwenye kitabu alichoachiwa na padri mmoja: Pertinaksi, mfalme wa Roma, aliyetawala kama miezi mitatu tu kabla askari wake mwenyewe hawajamuua. Sarafu za mtu wa namna hiyo unaweza kuzitafuta dunia nzima usizione.

Mtu mwenye akili angekohoa kidogo, akasema ni bati tu. Mwalimu wa watu akaeleza yote, mpaka habari za askari. Alipomaliza, Awadhi akataja bei: mshahara wa Mwalimu wa miezi mitatu.

"Mshahara wa mwezi kwa kila mwezi aliotawala," akasema Awadhi. "Angetawala miaka kumi ungefanyaje? Nakusubiri wiki mbili, halafu naipeleka Dar."

Mwalimu akarudi nyumbani amenywea. Wiki nzima hakuwa na mazungumzo mengine. Ugali unapoa, yeye anaeleza ndevu. Bernadeta anachambua mboga, yeye anaeleza herufi. Kuomba msaada hakuthubutu. Pesa ya ziada pale nyumbani ilitoka kwenye mikorosho, nayo ilikuwa ya Bernadeta, aliyoachiwa na mama yake, na mapato yake Mwalimu hakuyagusa hata siku moja.

Wiki ya pili Bernadeta akaaga kwamba anakwenda Masasi kumwona binti yao, Rose. Akarudi Jumamosi, mkimya kuliko kawaida yake. Jumatatu, Mwalimu alipotoka shule, akamkalisha kitini, akafungua upindo wa khanga.

Sarafu iling'aa kama sufuria ya harusi.

"Nimemuuzia korosho yule mnunuzi wa lori," Bernadeta akasema haraka haraka. "Awadhi nimemkalia mpaka akapunguza. Na mimi siwezi kumpa mume wangu kitu kichafu, Baba Rose, kwa hiyo nimeisugua. Kwa jivu na jani la msasa."

Msasa ndilo jani ambalo wachongaji hulainishia mpingo. Mwalimu akaishika ile sarafu. Ndevu hakuna, jicho hakuna, wala herufi hata moja. Miaka elfu moja na mia nane ilishindwa kummaliza Pertinaksi, na mkewe amemmaliza kwa asubuhi moja. Mwalimu alitaka kulia kabisa. Akainua macho kumtazama mkewe, akaona ncha za vidole vyake zimechubuka.

"Inang'aa kweli," akasema.

"Basi nisomee."

Akaweka ukucha kwenye fedha tupu, akaanza. "Hii ni P. Hii E. Hapa pana R..." Akamwonyesha jicho liko wapi, pua inashukia wapi. Bernadeta alisikiliza huku ameshika shavu, kisha machozi yakamtoka.

"Mume wangu, hapo hapana kitu."

Mwalimu akauondoa ukucha.

"Nilipoisuuza ndipo nikaona. Tangu jana naogopa kukupa. Nikasema atanigombeza, nitalia, yataisha. Mbona hukunigombeza?"

"Huyu mfalme nimemwona kwa macho wiki mbili tu zilizopita," Mwalimu akasema, akimshika vile vidole. "Wewe nimekujua miaka ishirini na sita."

Bernadeta akajifuta kwa khanga. "Haya, endelea. Ila umeruka ndevu."

"Ndevu zipi?"

"Zilijikunja. Zilianzia hapa sikioni, na herufi zilimzunguka kisogoni zikaja kuishia hapa mbele." Akazipitisha zote kwa kidole, moja moja, bila kukosea, vilevile kama mumewe alivyozieleza wiki nzima ugali ukipoa. Mwalimu alikuwa akidhani siku zote hizo anazungumza peke yake.