Alama ya Ukucha

"Ile yenye mwezi nimempelekea Munga," Kioko alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. "Jana jioni, nikitoka. Nikamwambia hii si ya kuuza, hii ni ya watu wetu."

Eddah alikuwa ameshika betri mkono wa kushoto na draya ya saluni mkono wa kulia. Gamba la plastiki lilikuwa likijikunja vizuri, likiibana betri kama soksi mpya. Akajisahau. Plastiki ikayeyuka, ikanuka, na Griffin, msimamizi, akageuza shingo kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Mwezi upi?" Eddah aliuliza, na alijua vyema ni upi.

Kioko akaokota betri moja kwenye trei, akamwonyesha kichwa cha betri, pale penye kiduara cha karatasi nyeupe. Palikuwa na alama ndogo iliyopinda kama mwezi mchanga, ya ukucha wa dole gumba. Ukucha wa Eddah.

"Hizi nzuri zako. Unadhani sikuoni, Mama Cindy? Zingine unazipitisha hivi hivi, zingine unazibonyeza kwanza. Kwetu Kitui baba alikuwa na mizinga ya nyuki. Mtu haweki alama yake kwenye mzinga asioutaka." Alitabasamu, na furaha yake ilikuwa ya mtu aliyetenda wema bila kuombwa. "Na huyu ni ndugu yako. Ningempaje nyingine?"

Eddah alitaka kumkasirikia, akashindwa. Kwao Kaloleni mambo yalikuwa kinyume. Ukiona kuti limefungwa fundo kwenye shina la mnazi wa mtu, hata ukiwa na njaa ya kuona kizunguzungu, unapita mbali, maana aliyelifunga amekwambia usiguse. Hakuna mtoto asiyelijua hilo. Mwaka mzima alikuwa akifunga fundo lake dogo kwenye kila betri mbovu, na jirani yake wa meza alikuwa akilisoma kama mwaliko.

Betri zenyewe zilikuwa za sigara za umeme, hizo vepu ambazo vijana wa siku hizi hawawezi kuvuka barabara bila kuzinyonya. Chache zilikuja mpya na halali, za kuwaonyesha wanunuzi wakubwa. Zilizobaki zilichopolewa kwenye kompyuta zilizokufa. Mkono wa Eddah ulizijua hata akifumba macho: ya kweli ina uzito unaotulia kiganjani, na tako lake ni laini, ya uongo ni nyepesi, na tako lina makovu pale ilipong'olewa. Kuna moja iliwahi kupasuliwa ikakutwa na betri ndogo ndani, imezungushiwa unga mweupe kama andazi lisilokaangwa. Kazi yake ilikuwa kuzivua magamba ya zamani, kusugua makovu kwa msasa, na kuzivika gamba jipya la zambarau lenye jina kubwa na namba kubwa zaidi, mpaka zote zifanane kama mapacha.

Alianza kutia alama wiki ile betri ilipolipuka mapajani mwa Quinter, mwenzake wa meza. Sakafu bado ilikuwa nyeusi hapo chini ya meza. Quinter hakurudi kazini, na kiti chake akapewa Kioko. Eddah alijiambia kwamba ikija siku mtu wake akamwonyesha betri, angalau atajua la kumwambia. Ilikuwa kinga ya mwoga, naye alijua hivyo, lakini hakuwa na nyingine.

Sasa mtu wake alikuwa nayo mfukoni. Munga alikuwa akipakia mitungi ya gesi kwenye yadi moja upande wa Port Reitz. Sigara aliziacha baada ya kifua kumlaza kitandani, akahamia vepu, na Eddah alisimama kanisani akamshukuru Mungu mbele ya watu wote kwa ajili hiyo. Mfuko wa suruali ya Munga ulikuwa ghala lake: funguo, sarafu, parafujo za kuokota njiani. Hata betri nzuri haifai kulazwa na funguo. Na hiyo mbovu, kwa jinsi Munga alivyozoea kuvuta kama anayefufua jiko la makaa, Eddah hakutaka kuendelea kufikiria.

Mlango wa ghala ulikuwa wa bati nzito, na kufuli lilikuwa upande wa nje. Mlinzi alifunga asubuhi wakishaingia, akafungua jioni, ili wakaguzi wakipita Changamwe waone ghala lisilo na mtu. Simu zao zilikaa kwenye ndoo, na ndoo ilikaa katikati ya miguu ya Griffin.

Eddah akainuka.

"Nataka simu yangu, Griffin. Mara moja tu."

"Jioni."

"Ndugu yangu ni mgonjwa."

"Kila mtu hapa ana mgonjwa. Juzi Winfred kafiwa na nyanyake, na ni nyanya yule yule aliyekufa Krismasi." Griffin hakuinua macho. "Rudi kwa meza, Mama Cindy. Unajua sheria."

Eddah hakurudi. Palikuwa na neno moja tu la kuifungua ndoo ile, na neno hilo lingemmaliza yeye. Alimfikiria binti yake Cindy na chumba chao cha Junda. Kisha akauona mkono wa Munga ukiingia mfukoni, mkono mpana, usio na haraka.

"Zile mbovu ninazitia alama," alisema.

Draya ya Kioko ikanyamaza.

"Alama gani?" Griffin aliuliza.

"Ya ukucha. Kwenye karatasi. Zote mbovu, tangu Quinter aungue. Kioko kaziona, akadhani ndizo nzuri, akampa ndugu yangu. Anapakia gesi, Griffin. Iko mfukoni na funguo."

Griffin alikuwa kijana mkavu, lakini hakuwa mnyama. Alimtazama, akamtazama Kioko ambaye uso ulikuwa umemwanguka, halafu akapekua ndoo, akaitoa simu ya Eddah. Alipiga mwenyewe na kuiweka simu kwenye kipaza sauti. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Eddah alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Dada, kwema? Mbona wanipigia saa za kazi?"

"Munga, ile betri ya Kioko iko wapi?"

"Ninayo hapa mfukoni, ndani ya vepu. Leo nimeivuta tangu asubuhi."

"Itoe. Kaitie kwenye mchanga, mbali na mitungi. Sasa hivi, usiniulize kitu."

Wakasikia funguo zikigongana, hatua, upepo kwenye simu, mtu akimsalimu Munga naye asimjibu.

"Imekuwa moto, kumbe," Munga alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Nimeifukia kwenye ndoo ya mchanga. Imeanza kutoa moshi, dada."

Eddah akafunika uso. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa, na hakuyafuta.

"Lakini Kioko kanambia kitambo kwamba zenye mwezi ndizo safi," Munga aliendelea. "Mimi nimewaambia vijana wote hapa yadini. Hata dukani pale steji sasa watu waulizia hizo. Isiyo na mwezi hawaichukui."

"Munga, waambie..."

Griffin akakata simu. Akaitumbukiza kwenye ndoo, akaikokota ndoo kwa mguu mpaka chini ya kiti.

"Sijamaliza," Eddah alisema.

"Umemaliza. Ndugu yako yuko salama."

"Mama Cindy, nisamehe," Kioko alinong'ona. "Nimewapa wengi."

Griffin alikuja mezani, akaigeuzageuza betri yenye alama kwenye mwanga wa taa. Hakukaripia, na hilo lilimtisha Eddah zaidi.

"Kwa hivyo wanaulizia mwezi," alisema. "Sikia. Mwenye mali hana haja ya kujua hii kitu ilianzaje, na mimi sitamwambia. Kazi yako unayo. Lakini kuanzia leo tia kwa zote. Nzuri, mbaya, zote."

"Watu watajuaje?"

"Kwani sasa wanajua?"

Eddah akaketi. Aliutazama ukucha wake wa dole gumba, ambao mwaka mzima hakuukata, hata alipofua akaukwaruza. Akautia kinywani. Aliung'ata polepole, kipande kwa kipande, mpaka akafika kwenye nyama na kuonja damu.

"Sina ukucha," alisema.

Griffin alimtazama kidogo. Akaenda ukutani palipotundikwa kalenda ya mwaka jana, akachomoa msumari, na kalenda ikaanguka kifudifudi. Akauweka msumari mezani, kando ya trei, akarudi kuketi kitini, juu ya ndoo yake.

Kioko aliingiza mikono yake chini ya meza. Nje likapita lori zito, bati zikatetemeka, meza ikatetemeka. Msumari ukabingirika taratibu, ukagota kwenye vidole vya Eddah.