Vipande Vilivyofagiwa

Trrr. Trrr. Kitu kilitetemeka juu ya kabati la chuma, kikanyamaza, kikatetemeka tena. Aliyelaza kichwa mezani alifumbua macho, akaifuata sauti kwa mkono mpaka akaipata simu. Ni kaka yake.

"Umelala kazini, wewe?"

"Nilikuwa nafikiri."

"Kwa sauti hiyo ya usingizi?" Kaka alicheka. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na asubuhi hiyo alikuwa wodini, jengo la pili, akisubiri kupasuliwa ngiri saa nne. "Wamenivalisha gauni lisilo na mgongo. Fundi mzima."

"Unaogopa?"

"Niogope nini, na wewe umesaini kwamba niko safi? Ila huu mkono walionichoma sindano jana umevimba, umekuwa bluu mpaka kiwikoni. Mama ameuona. Hajasema neno tangu asubuhi."

Usingizi ukamruka. Mama akinyamaza hivyo, anamwaza Mjomba, aliyekwenda kung'oa jino, akavuja damu siku nne, siku ya tano akazikwa. Kwa ajili ya Mjomba huyo ndipo damu ya Kaka ikapimwa. Kipimo cha kuganda kwa damu kilitoa majibu ya katikati, si mazuri si mabaya, basi daktari akaegemea majibu ya vinasaba. Na vinasaba hivyo alivisoma yeye, dada mtu. Ndiyo kazi yake, hata maabara nzima ya hospitali ilimwita Msomaji.

Saa tatu na dakika kumi. Akalifungua faili la Kaka.

Pale maabara watu waliulizana "Umeshafagia?" kabla hata ya kusalimiana. Kufagia ni kuiamuru kompyuta ifiche vipande vya vinasaba vinavyojirudia, vile vinavyojinakili na kuhama kutoka sehemu moja ya jenomu, yaani jumla ya vinasaba vyote vya mtu, kwenda nyingine, kizazi hata kizazi. Viliichosha mashine, vilichanganya macho. Vinasaba husomwa kama mstari mrefu wa herufi; kompyuta ilivifunika vipande hivyo kwa herufi N, na msomaji akifika penye N huruka.

Safari hii hakufagia. Mashine ikaanza kuvuma na kuvuta miguu. Asilimia kumi. Ishirini.

Mkuu wa maabara akaingia na kikombe chake. "Mbona hiyo inalia?"

"Nasoma faili la kaka. Bila kufagia."

"Ulishalisaini. Mimi nikasaini chini yako. Unataka tuonekane hatujui kazi?"

"Nataka kuona kilichofunikwa."

"Vumbi."

"Mzee, hilo vumbi ni karibu nusu ya jenomu yako. Kinga ya mwili wako hutengeneza silaha zake kwa ufundi uliotokana na kipande kilichohama. Kondo lililokulisha tumboni mwa mama yako lina jeni ya kirusi kilichojipenyeza zamani, kikahamia moja kwa moja. Vimetubadilisha kwa mamilioni ya miaka. Unadhani vimestaafu?"

"Mimi ndiye wa kufundishwa leo?"

Akarudi kutazama skrini. Asilimia sabini. Jasho lilimtiririka mgongoni ingawa feni ilizunguka.

Saa nne kasoro dakika kumi kikaonekana. Ndani ya jeni inayosaidia damu kuganda kulikuwa na kipande cha herufi kama mia tatu, kimekaa katikati kama mgeni aliyeingia bila hodi akavuta kiti.

Mkuu akainama. Akakisoma, kikombe mkononi. "Vingi havina madhara," alisema. "Tutathibitisha kesho."

"Anapasuliwa saa nne." Akachapisha majibu mapya kwenye karatasi.

"Ukiteremka na karatasi hiyo bila sahihi yangu, usirudi hapa."

"Nateremka na yangu."

Simu ya Kaka ilikuwa imezimwa. Ya chumba cha upasuaji iliita mpaka ikakatika. Akashuka ngazi tatu tatu, akakatiza uani, nusura aangushe kitanda cha magurudumu. Mama alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, pochi mapajani.

"Ameshaingia," Mama alisema.

Akagonga mlango kwa ngumi mpaka nesi akauchungulia. "Huku hupiti, dada. Daktari ameshanawa."

"Ameshakata?"

Nesi akatazama nyuma. "Bado."

"Mwambie asikate. Mpe hii. Mwambie majibu aliyonayo si ya kweli, na aliyeyaandika ni mimi."

Mlango ukafungwa. Mama akamtazama. "Si ulisema yuko safi?"

"Nilikosea, Mama. Kipo kitu kinachoweza kuzuia damu yake kuganda, na sikukiona kwa sababu nilikificha mwenyewe. Nadhani hata wewe umekibeba bila kujua."

"Na Mjomba wako?"

"Naye, nadhani."

Daktari akatoka. Kabla ya uso wake, Msomaji alitazama glavu zake. Zilikuwa nyeupe, bila tone la damu.

"Sijamgusa," daktari alisema. "Anarudi wodini. Tutapima upya damu inavyoganda, na dawa ya kugandisha damu iwe mkononi mwangu kabla ya kisu."

Kaka akasukumwa nje kitandani, macho makavu kabisa. "Kwa hiyo gauni nimelivaa bure?"

Mama hakucheka. Aliushika ule mkono wa bluu taratibu, kisha akamgeukia binti yake. "Wangapi wengine umewaambia wako safi?"

"Mia mbili na kitu."

"Nao wana mama zao."

Msomaji akapiga magoti mbele ya benchi, akaishika mikono ya mama yake. "Nitawasoma wote upya, Mama. Hapa au kwingine, nikifukuzwa au nikibakizwa. Na kila nitakayemkuta nacho, nitamfuata mpaka kwake, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba nilikosea."