Chombo cha Maji cha Kishungi

Kishungi alikuwa anakonda, na mimi nilishaapa kwamba kosa ni la beseni.

Nilikuwa na kuku saba uwani kwangu, kwenye nyumba ya baba mkwe wangu ninayopangisha vyumba, mtaa wa nyuma ya Msimbazi. Sita walikuwa wanataga na kunenepa. Wa saba, Kishungi, alikuwa na kiu. Nasema kiu kwa sababu nilimwona: saa nne asubuhi mdomo wazi, mabawa kayaachia, anakwenda mpaka hatua mbili kutoka kwenye maji, anatazama, anageuka. Hakuna kinachoniudhi kama jambo nisilolielewa, tena ndani ya ua wangu mwenyewe.

Mdogo wangu Mwinyimvua, ambaye kila Ijumaa huja kula kwangu baada ya swala, alishamtolea hukumu.

"Dada, kuku asiyetaga ni mchuzi uliochelewa. Ijumaa hii tusimwonee haya."

"Huyo hachinjwi," nikamwambia. "Ni wa Kitwana."

Marehemu mume wangu Kitwana alimleta akiwa kifaranga, ndani ya mfuko wa shati, mwezi mmoja kabla hajafariki. Ndiyo zawadi yake ya mwisho kwangu. Mwinyimvua alinionea huruma, lakini alikuwa na hoja.

"Sasa akijifia mwenyewe atakuwa kibudu, tumtupe jalalani. Hayo ndiyo unayomtakia kuku wa shemeji?"

Nikampa ahadi: ikifika Ijumaa hajapona, kisu. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, alikuwa amepita kunisalimia tu.

Jumanne nikaenda Kariakoo, kwa Elimringi anayeuza vifaa vya kuku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nina kuku anakataa maji."

"Unamwekea kwenye nini?"

"Beseni."

"Ndo maana! Beseni anaingiza miguu, anajisaidia humo humo. Ungekuwa wewe ungekunywa?"

Akanishushia drinka, dumu jeupe linalokaa kichwa chini juu ya kisahani chekundu. Akasema kuku anapenda rangi nyekundu, anaifuata mwenyewe. Mwamba ngoma huvutia kwake, nikajisemea. Lakini kilichoniteka ni jambo jingine: kwa nini maji hayamwagiki yote? Elimringi akanieleza habari za hewa. Nikamwambia anionyeshe. Akaonyesha. Nikamwambia arudie, mpaka sakafu ya duka ikawa dimbwi na wateja wawili wakasogea nje. Nikanunua.

Nyumbani nilitoa beseni nikaweka drinka pale pale, kwenye kivuli karibu na bomba. Wa kwanza kuja alikuwa Sultana, kuku wangu mwekundu, mnene, ninayempenda kwa maringo yake. Akanywa, akajilaza pembeni ya drinka kama mwenye duka kwenye kiti chake. Wenzake wakaja, wakanywa. Kishungi akaja, akatazama, akageuka.

Jumatano nikarudi kwa Elimringi, naye akanipa bomba dogo lenye chuchu, ambazo kuku anazigonga kwa mdomo na tone linadondoka. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nililifunga ukutani, nikatoa drinka, maana kila nikileta kipya niliondoa cha zamani, ili nijue hasa kosa liko wapi. Hadi adhuhuri kuku sita walikuwa wameshajua kugonga. Jioni nikatoa chuchu, nikajaribu kigae cha chungu, kama alivyofanya mama yangu. Kishungi akavitazama vyote. Nilipomshika, kifua kilikuwa mfupa mtupu, nikalia kidogo, sitaficha.

Alhamisi asubuhi maji ya bomba yalitoka. Kwetu maji ni ya mgao, na uwani kuna bomba moja. Utaratibu niliuweka mimi: kwanza mapipa yangu, kisha wapangaji, kwa kufuata nani alitangulia kuhamia. Hakuna aliyewahi kulalamika. Pipa langu la pili lilikuwa linajaa, ndoo za wapangaji zimepangwa nyuma yake, na mimi nimekaa kwenye kigoda nikimchunguza Kishungi. Safari hii nilikuwa nimeweka sufuria.

"Hivi anatazama nini huyu?" nikasema kwa sauti.

"Hatazami maji, mama. Anamtazama Sultana."

Alikuwa Jovitha, mpangaji wa chumba cha nyuma, binti wa Newala, mwaka wa kwanza kwangu. Alikuwa amesimama mwisho wa foleni na ndoo yake mkononi.

"Sultana hajamgusa!"

"Hana haja ya kumgusa. Lazima alishamdonoa zamani. Siku hizi anakaa tu."

Nikatazama upya. Kishungi alisogea hatua moja. Sultana aliinua kichwa, basi, hakufanya kingine. Kishungi akageuka. Siku tatu nilikuwa nachunguza vyombo, kumbe sikumchunguza aliyelala pembeni yake.

"Wewe umejuaje? Umefuga kuku?"

"Sijafuga."

Akahamisha ndoo kutoka mkono huu kwenda mwingine, macho kwenye pipa langu. Hapo nikaihesabu foleni. Ndoo yake ilikuwa ya tano.

"Jumapili ulipata maji?"

"Jumapili yalikatika, mama."

"Na juzi?"

"Juzi pia. Nanunua kwa watu wa mkokoteni."

"Mwaka mzima? Mbona hukusema?"

Aliinama. "Si ulikuwa umekaa hapa, mama."

Ulimi wangu ulishajiandaa kumkaripia. Kisha aibu ikanishika. Nilinyanyuka, nikachukua kopo la rangi lililokatwa, nikalijaza maji, nikaliweka nyuma ya ukuta wa choo, mahali ambapo Sultana haoni. Nikambeba Kishungi mpaka pale, nikarudi nyuma. Aliinamisha kichwa, akakiinua juu, maji yakashuka. Akarudia. Nilihesabu mara arobaini, nikapoteza hesabu.

Ijumaa Mwinyimvua alikula samaki wa Feri, akilalamika miba. Kishungi alikuwa anazunguka miguuni pake.

Jumamosi maji yakatoka tena. Nikasogeza mapipa yangu mwisho, nikawatangazia wapangaji kwamba kuanzia leo anaanza Jovitha, na nikakaa kwenye kigoda changu nikijiona mtu mwema kweli kweli.

Jovitha akaweka ndoo chini ya bomba. Akasimama, hakufungua.

"Kinga, mwanangu."

"Asante mama. Tangulia tu."

"Nimesema anza wewe. Yatakatika!"

"Sawa mama." Mkono ukagusa bomba, ukarudi. Akanitazama, akatabasamu kwa adabu. "Tangulia tu, mama, mimi nasubiri."

Nilielewa, na kuelewa kukaniuma kuliko chochote alichowahi kuniambia mtu. Nikainuka, nikasema nimeacha chungu jikoni, na jikoni hata moto sikuwa nimewasha. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikasimama nyuma yake, sikio kwenye ubao.

Ilichukua muda. Kisha nikasikia maji yakigonga chini ya ndoo.